Hesabu Nayo Hulia

Kuna dai lililozoeleka kati ya wapenzi wa muziki wa okestra hata halihojiwi tena: eti kilio cha kweli hakina vipimo. Mtunzi akifiwa, tunaambiwa, moyo humfurika, mkono ukaandika wenyewe, na kitakachotoka ndicho maombolezo. Akianza kuhesabu mapigo, akapima mwendo wa sauti hii na ile, akapanga kila kitu kabla ya noti ya kwanza, basi huyo hajafiwa. Anafanya kazi ya ufundi kwa jina la marehemu. Mimi nalipinga dai hilo. Na nitalipinga kwa kazi ileile ambayo wenye dai huitanguliza kuwa ushahidi wao: Cantus in memoriam Benjamin Britten, iliyoandikwa na Arvo Pärt wa Estonia mwaka 1977.

Wenye dai wako makundi mawili, na kichekesho ni kwamba makundi hayo hayapatani. Kundi la kwanza linaipenda Cantus kupita kiasi. Kwao ni machozi matupu, ni roho iliyofunguka, ni muziki wa kuzima taa na kufumba macho. Wauza santuri waliwatafutia na jina, uminimali mtakatifu, wakamsukumia humo Pärt pamoja na Górecki wa Poland na Tavener wa Uingereza, biashara ikanoga. Katika miaka ya 1990 rekodi moja ya Simfonia ya Tatu ya Górecki iliuzwa nakala zaidi ya milioni, kwa hiyo siwalaumu wauzaji. Nawalaumu wasikilizaji waliomeza jina pamoja na santuri. Kundi la pili linaidharau Cantus. Linasema: fungueni karatasi muone, ni ngazi moja ya sauti inashuka, inarudiwa, inashuka tena hadi mwisho. Mashine hiyo, na mashine haina marehemu.

Ukiwaonyesha watu wa kundi la kwanza karatasi hizo, wananuna, kana kwamba umewaambia mama aliyekuwa akilia msibani alilipwa. Ukiwaambia wa kundi la pili kwamba kumbi nzima hutokwa na machozi wakati mashine hiyo inapofanya kazi, wanasema watu wamedanganywa masikio. Wanabishana miaka nenda miaka rudi bila kugundua kwamba wanakubaliana jambo la msingi: kwamba hesabu na huzuni hazipikiki chungu kimoja. Hapo ndipo ninapotofautiana nao wote.

Kwanza kazi yenyewe. Britten alifariki tarehe 4 Desemba 1976 nyumbani kwake Aldeburgh, pwani ya mashariki ya Uingereza, akiwa na miaka 63. Pärt, aliyekuwa na miaka 41, aliishi Tallinn, na Estonia wakati huo ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovyeti. Cantus ilipigwa kwa mara ya kwanza katika mji huohuo tarehe 7 Aprili 1977, Eri Klas akiongoza. Inahitaji ala za nyuzi na kengele moja, basi. Haina tarumbeta wala ngoma, wala mwimbaji wa kutuambia nani amekufa. Inachukua dakika sita hivi.

Msomaji aliyewahi kuimba kwaya kwa sol-fa anacho tayari kila anachohitaji ili kuielewa. Chukua la ya juu kabisa. Iimbe. Rudi uanze tena: la, so. Rudi tena: la, so, fa. Halafu la, so, fa, mi. Kila mara unaanzia palepale juu, na kila mara unaongeza hatua moja kwenda chini. Mapigo ni ndefu, fupi, ndefu, fupi, bila kubadilika. Melodi nzima ya Cantus ni hiyo. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuikariri kabla ya kengele ya mapumziko, na hapa wale wa kundi la pili hutabasamu wakidhani kesi imekwisha.

Haijaanza hata. Kila sauti inayoimba melodi hiyo, isipokuwa moja nitakayoirudia, ina mwenzake anayetembea kando yake, na mwenzake huyo haruhusiwi kugusa noti yoyote ila tatu: la, do, mi. Anachagua kati ya hizo kwa kanuni, kufuatana na mahali ilipo melodi. Pärt aliuita mtindo huu tintinnabuli, kwa sababu sauti hizo tatu humlilia sikioni kama kengele. Mwenyewe ameeleza kwamba sauti ya kwanza ni ya mtu anayetangatanga na makosa na maumivu yake, na ya pili ni ya msamaha unaomfuata kila aendako. Mkewe Nora akaufupisha mtindo mzima kwa hesabu ya kuudhi walimu: moja kujumlisha moja ni moja. Hebu tuzingatie. Ilipotaka kusema jambo la ndani kabisa la imani yake, nyumba hiyo ilishika hesabu.

Kisha inakuja kanoni. Fidla za kwanza huanza. Fidla za pili huingia na melodi ileile, oktavu moja chini, lakini kwa nusu ya mwendo. Viola huingia chini yake kwa nusu ya mwendo huo, selo vivyo hivyo, besi vivyo hivyo. Maana yake noti moja ya besi hudumu kama noti kumi na sita za fidla za kwanza. Huu si ule wimbo wa kupokezana tuliofundishwa shule ya msingi, ambapo kila kundi huimba kwa kasi moja likichelewa tu kuanza. Hapa kila kundi lina kasi yake, na umbali kati yao haupungui, unazidi. Fidla za juu zimeshashuka na kurudi na kushuka tena mara nyingi, na huku chini besi bado inahangaika na hatua zake za mwanzo. Kila kundi likifika kwenye noti iliyopangiwa kuwa mwisho wake, linasimama hapo na kuishikilia, likiwangoja wenzake. Sauti iliyoanza kwa kunong'ona inanenepa hadi okestra nzima inapiga kwa nguvu zote. Nazo besi ndizo za mwisho kufika.

Sasa naomba mtu wa kundi lolote anionyeshe huzuni ya Cantus iko wapi kama haiko humo. Ukisikiliza katikati ya kazi, utasikia sauti zinazogongana, la na so pamoja, fa na mi pamoja, mchomo unaofanya kifua kibane. Mchomo huo hakuna noti hata moja inayoubeba peke yake, maana kila mpigaji anapiga ngazi safi isiyo na kosa. Umezaliwa na tofauti ya mwendo. Jaribu kuiondoa hesabu: waambie wote watano washuke kwa kasi moja. Utapata nini? Zoezi la vidole. Ngazi ya la inayoshuka kwa oktavu tano, ambayo hakuna atakayeitolea leso. Rudisha uwiano wa moja kwa mbili kwa nne kwa nane kwa kumi na sita, na maumivu yanarudi papo hapo. Kwa hiyo si kweli kwamba Pärt alikuwa na huzuni upande huu na hesabu upande ule, akaifunika moja kwa nyingine. Ukifuta hesabu umefuta huzuni.

Au tazama kengele. Noti yake ni la, nayo hupigwa mwanzoni peke yake, kwa upole, baada ya kimya ambacho kimeandikwa kwenye karatasi kama sehemu ya muziki; mapigo yake huja matatumatatu. Mwishoni, nyuzi zote zikiwa zimeshikilia la-do-mi kwa nguvu isiyo na pa kwenda, kengele inapigwa mara moja zaidi, kwa upole sana, chini ya kelele yote ile. Ukumbini hakuna anayeisikia. Halafu nyuzi zinakatwa ghafla, na mlio wa kengele unabaki ukumbini kana kwamba umetoka hewani. Tena katika mlio huo, kwa kuwa kila kengele ina sauti za juu zilizojificha ndani ya sauti yake, mwenye sikio kali huinasa do iliyopandishwa nusu hatua, ile inayoigeuza ngazi ya huzuni kuwa ngazi ya furaha. Kwa dakika sita noti hiyo haikupigwa na nyuzi hata mara moja. Mtu anayebubujika tu hapangi pigo la kengele ambalo halitasikika wakati linapopigwa. Huyu alijua sekunde ipi litahitajika.

Nikifika hapa hujibiwa kwa hoja ya pili, ambayo huletwa kama turufu: basi wewe mwenyewe umethibitisha, jamaa hakuwa na huzuni, na angekuwa nayo vipi wakati hakuwahi kumtia Britten machoni? Ni kweli hawakuonana. Pärt ameeleza kwamba ni karibu na kifo cha Britten tu alipoanza kuujua muziki wake na kuuona usafi wake, usafi ambao yeye mwenyewe alikuwa akiutafuta. Alitamani sana wakutane, na kifo kikalifunga jambo hilo. Wapinzani wanaposoma maelezo hayo huona uthibitisho kwamba msiba ni wa kubuni. Mimi naona msiba wa aina ambayo watu wengi wanaujua lakini hawapewi ruhusa ya kuulilia: kumpoteza mtu ambaye ulikuwa hujawahi kuwa naye. Aliyefiwa na rafiki wa miaka thelathini ana kumbukumbu za kujifariji. Huyu hana hata barua.

Na tusisahau mpaka uliokuwa kati yao. Britten aliweza kufika Moscow. Simfonia yake ya Selo ilipigwa kwa mara ya kwanza huko mwaka 1964, Rostropovich akiwa mpigaji. Lakini mtunzi wa Tallinn hakuweza kujiamulia tu kupanda ndege kwenda Aldeburgh kunywa chai na mzee. Pärt alipata kuondoka Umoja wa Kisovyeti mwaka 1980, akapitia Vienna, akatua Berlin. Mwenyeji wake wa Aldeburgh alikuwa ameshalala kaburini miaka mitatu na zaidi.

Tena yapo mambo ya nyuma ambayo wanaodai kwamba Pärt alitumia njia ya mkato hawayataji. Kelele aliijua. Mwaka 1960, kijana bado, aliandika Nekrolog, kazi ya okestra kwa kumbukumbu ya wahanga wa ufashisti, kwa mfumo wa noti kumi na mbili, ukali mtupu, na wakubwa wa muziki wa Kisovyeti wakamkemea. Mwaka 1968 Credo yake ilizua mtafaruku kwa sababu ilikiri imani hadharani. Baada ya hapo karibu akanyamaza. Kwa takriban miaka minane, ukiacha Simfonia ya Tatu ya mwaka 1971, alikaa akisoma nyimbo za kale za kanisa na muziki wa Ulaya wa kabla ya Bach, akijaza daftari kwa daftari melodi za sauti moja tu, kama mtu anayejifunza upya kutembea. Mwaka 1972 akaingia Kanisa la Othodoksi. Mwaka 1976 kikatoka kipande kifupi cha piano, Für Alina, na mwaka uliofuata Cantus, Fratres na Tabula Rasa. Anayesema kanuni ya Cantus ni mchezo wa namba amwambie mtu aliyekaa kimya miaka minane akiitafuta.

Hoja ninayoipenda zaidi, hata hivyo, inamhusu marehemu. Britten alikuwa mtu wa kanuni. Waliozoea kumsikia katika War Requiem wakati mwingine husahau jinsi alivyopenda kujifunga. Alirudi mara kwa mara kwenye pasakalia, umbo la kale ambamo kifungu kifupi cha besi hurudiwa bila kukoma na kila kitu kingine lazima kijengwe juu yake. Iko katikati ya opera yake Peter Grimes ya mwaka 1945. Opera yake The Turn of the Screw ya mwaka 1954 imesimama juu ya mada moja yenye noti zote kumi na mbili, ambayo hugeuzwageuzwa kati ya onyesho na onyesho hadi pazia la mwisho. Na alipokuwa mgonjwa, akijua hali ya moyo wake, akaandika Kwarteti ya Tatu ya nyuzi mwaka 1975, akaimalizia kwa nini? Pasakalia. Kwarteti hiyo ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 19 Desemba 1976, siku kumi na tano baada ya kifo chake. Mtu aliyeaga dunia kwa kujifunga kamba ya besi isiyobadilika, ungemlilia vipi? Kwa kupiga ukunga? Pärt alimlilia kwa lugha ya nyumbani kwa marehemu.

Wala Pärt hakuwa wa kwanza. Wanamuziki wa Ulaya wamekuwa wakililiana hivi kwa zaidi ya miaka mia tano. Johannes Ockeghem alitunga wimbo wa kumlilia Binchois, aliyefariki mwaka 1460. Ockeghem naye alipofariki mwaka 1497, Josquin des Prez akamtungia Nymphes des bois, kwa sauti tano, sauti moja ikishikilia wimbo wa Kilatini wa misa ya wafu huku nyingine zikiimba Kifaransa kuizunguka. Maneno yake, ya mshairi Jean Molinet, yanawaita wanamuziki wanne kwa majina, Josquin mwenyewe akiwemo, wavae nguo za matanga. Ni ufundi mzito, wa kupanga kila hatua, na hakuna aliyewahi kumshtaki Josquin kwa kukosa moyo. Sasa sikiliza jambo ambalo wapinzani wangu hawalipendi: Ockeghem huyo anayeliliwa ndiye aliyeandika Missa prolationum, misa iliyojengwa karibu yote kwa kanoni ambamo sauti mbili huimba melodi moja kwa mwendo tofauti. Ni ufundi uleule wa Cantus. Muziki wa zama hizo ndio Pärt aliokuwa akiusoma katika miaka yake ya kimya. Kwa hiyo alipofiwa aliingia kwenye safu ya watu wa kazi yake, akashika zana waliyokuwa wakiishika.

Karne ya 20 ina mifano yake. Igor Stravinsky, Claude Debussy alipofariki mwaka 1918, hakuandika machozi. Aliandika Symphonies za ala za kupuliza, bila fidla hata moja, vipande vigumu vinavyopangwa kando kando na kumalizikia kwa korali iliyosimama kama ukuta. Ilipopigwa London mwaka 1921 baadhi ya wasikilizaji walicheka na kuzomea. Walitaka maombolezo ya mtindo wanaoujua. Leo ni nani anayekumbuka walitaka nini? Witold Lutosławski wa Poland alimkumbuka Béla Bartók kwa Muzyka żałobna, aliyoianza mwaka 1954 na kuimaliza mwaka 1958: nyuzi tupu, safu ya noti kumi na mbili iliyojengwa kwa hatua za aina mbili tu, kanoni zinazorundikana, kilele cha akodi zenye noti zote kumi na mbili, kisha kurudi chini. Hakunukuu melodi ya Bartók hata moja. Aliyetegemea kumsikia marehemu akiigizwa alitoka bila kitu.

Hapo hutajwa Anton Bruckner, kwa sauti ya ushindi. Adagio ya Simfonia yake ya Saba, wanasema, hiyo ndiyo huzuni isiyopimwa. Aliiandika akihisi Richard Wagner hatakaa sana, na habari ya kifo ilipofika Februari 1883 akaimalizia kwa maombolezo ya zile tuba ambazo Wagner mwenyewe alizibuni. Vizuri, mfano mzuri. Ila wamechagua mtu mbaya kwa hoja yao. Bruckner ndiye aliyekuwa na ugonjwa wa kuhesabu, mtunzi ambaye chini ya mistari ya muziki wake aliandika namba za vipimo, fungu kwa fungu, moja mbili tatu nne, ahakikishe kila sentensi ya muziki imekaa sawa. Aliyewafanya mlie alikuwa akihesabu.

Nashangaa zaidi ninapolisikia dai hili kwa Kiswahili, kwa watu wanaojua ushairi wetu. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa vina na mizani. Beti zake zina mistari iliyopimwa silabi kwa silabi, na vizazi vya wanafunzi wamezisoma wakaguswa. Sijasikia mwalimu aliyesema kwamba kwa kuwa mizani imetimia, basi mapenzi yalikuwa pungufu. Tulibishana sana, tangu Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, kuhusu ushairi kufungwa au kufunguliwa, na ubishi ule ulikuwa na maana yake. Lakini hata waliotaka vina vivunjwe hawakudai kwamba utenzi wa Inkishafi una huzuni ya uongo kwa sababu umepigwa mizani. Na tukitoka vitabuni tukaingia msibani: kwa Waislamu, takbira nne za sala ya maiti, sanda iliyohesabiwa vipande, eda ya miezi minne na siku kumi. Kwa Wakristo, siku ya arobaini, kengele ya kanisa, nyimbo zinazojulikana zitakuja kwa mpangilio upi. Msiba wetu umejaa namba, na anayesema namba ni baridi hajawahi kuwa mfiwa anayengoja siku fulani ifike.

Iko hoja moja ya upinzani ambayo naiheshimu. Inasema: kama kanuni ndiyo inayoomboleza, basi itamwombolezea yeyote. Futa jina la Britten, andika jina la jirani yako, hakuna noti itakayobadilika. Na ushahidi upo: mwaka 2004 Michael Moore aliichukua Cantus akaiweka katika filamu yake Fahrenheit 9/11, juu ya picha za watu wa New York siku ya mashambulizi, na ikakaa kana kwamba iliandikwa kwa ajili yao. Britten yuko wapi hapo?

Nakubali kwamba Cantus inaweza kuwabeba wengine. Sikubali kwamba kwa hiyo haikumbeba Britten. Jeneza la msikiti humbeba kila anayefariki mtaani, na hakuna mfiwa aliyewahi kulalamika kwamba halikumbeba marehemu wake. Kinyume chake, maombolezo yanayomhusu mtu mmoja tu, yaliyojaa vipande vya melodi zake na siri za marafiki zake, huzeeka pamoja na waliomjua. Kazi za Josquin na Stravinsky na Lutosławski tunazo leo kwa sababu hazikutegemea tumjue marehemu. Siulizi tena kwa nini Pärt alimwombolezea mtu asiyemjua. Nauliza vipi sisi, tusiowajua wote wawili, tunaweza kukaa Dar es Salaam au Mombasa tukavaa vipokea sauti na kufiwa. Kububujika kwa mtu wa Tallinn mwaka 1977 kusingenifikia. Uwiano wa mbili kwa moja umenifikia mzima.

Kwa waongoza okestra nina neno la pembeni. Baadhi yenu mnaichelewesha kazi hii, mnailainisha, mnawaambia fidla watetemeshe vidole kana kwamba ni wimbo wa filamu. Mnaipeleka kwa wale wa kuzima taa. Mapigo yakiyumba, besi haiko tena kumi na sita kwa moja na fidla, na ule mgongano wa sauti unapoa ukawa ukungu. Hesabuni.

Wamebaki wale wa mashine. Wanasema: sawa, tukubali kanuni inafanya kazi, lakini si Pärt, ni kanuni, aliiwasha tu ikajiendesha. Basi wanieleze haya. Kanuni haikusema ngazi iwe ya la badala ya nyingine, wala kwamba ishuke tu isipande. Haikusema kila sauti isimame wapi. Haikusema kimya kiandikwe kabla ya kengele. Na juu ya yote, ile sauti niliyoahidi kuirudia: fidla za kwanza zimegawanywa mara mbili, mpigaji na mwenzake, fidla za pili vilevile, selo vilevile, besi vilevile. Viola pekee hazikugawanywa. Katikati kabisa ya okestra, kati ya walio juu na walio chini, zinapiga ngazi inayoshuka bila zile la-do-mi za kuzifuata, bila mwenzi. Ulinganifu ungedai zipewe wa kwao kama wengine. Anayeamini kwamba Cantus ilijiandika yenyewe anionyeshe mstari wa hesabu unaoamuru viola ziende peke yake.